Jinsi ya Kuendesha Daftari la Mashambulizi ya Programu za Wavuti

Ukimwambia msanidi programu kwamba kuchomeka amri za SQL (lugha ya kuagiza hifadhidata) kupitia fomu ni hatari, ataitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi. Ukimwambia kwamba kampuni ya simu ya Uingereza ilitozwa faini ya pauni 400,000 kwa sababu ya kurasa za zamani ambazo hata haikujua kuwa bado ziko hewani, ataanza kujiuliza kurasa zake mwenyewe ziko ngapi. Daftari la matukio linahitajika kwa sababu hiyo: kuwapa watu visa halisi, vyenye tarehe na chanzo, wakati kanuni peke yake haiwagusi.

Kazi hii si ngeni. Muungano wa WASC, wa wataalamu wa usalama wa programu za wavuti, uliendesha kwa miaka mingi hifadhidata ya matukio ya udukuzi iliyoitwa WHID, ikipokea tu matukio yaliyoripotiwa hadharani na yanayoweza kuhusishwa na udhaifu wa programu ya wavuti. Kila tukio lilipewa namba yenye mwaka na mfuatano wake. Utaratibu huo bado unafaa leo, kwa timu ya watu wawili au taasisi nzima. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuanzisha daftari la namna hiyo, kulijaza, kulisahihisha, na kulitumia bila kupotosha.

Kwanza, amua nini kinaingia

Madaftari mengi hufia hapa. Mtu anaanza kwa hamasa, anabandika kila habari yenye neno "udukuzi", na baada ya miezi mitatu ana kapu la vipande vya magazeti visivyolinganishika. Andika sharti la kuingia kabla ya kuandika tukio la kwanza, na liwe fupi. Tukio liingie ikiwa majibu ya maswali haya manne ni ndiyo:

1. Limeripotiwa hadharani na chanzo kinachoweza kufunguliwa na mtu mwingine?
2. Programu ya wavuti (pamoja na API zake, yaani njia ambazo programu nyingine huzungumza nayo) ilikuwa mlango wa kuingilia, au ilikuwa mahali wizi ulipofanyikia?
3. Kuna madhara yaliyotokea kweli, si udhaifu uliogunduliwa tu?
4. Mwathirika anatambulika, au angalau sekta yake?

Kompyuta ya mkononi iliyoibwa kwenye gari haiingii, hata kama ilikuwa na rekodi milioni moja. Mtafiti aliyegundua tundu na likazibwa kabla ya kutumiwa naye haingii. Huyo ni habari njema, mpe jedwali lake tofauti. Mafuriko ya maombi yaliyojaza njia ya mtandao hayaingii, ila yale yaliyolenga ukurasa mmoja mzito wa utafutaji hadi hifadhidata ikazimia yanaingia.

Swali la pili lina maneno "au ilikuwa mahali wizi ulipofanyikia" kwa makusudi. Chukua British Airways mwaka 2018. Mshambuliaji aliingia kwa kitambulisho cha mtumishi wa kampuni ya nje iliyokuwa ikitoa huduma, kupitia mlango wa kufanyia kazi kwa mbali. Mpaka hapo hakuna programu ya wavuti. Lakini alimalizia kwa kubadilisha faili ya JavaScript (msimbo unaokimbia kwenye kivinjari) kwenye tovuti, na kila mteja aliyejaza kadi ya malipo alikuwa akiituma kwa wawili: shirika la ndege na mwizi. Ukisema haliingii, utakuwa umeacha nje mojawapo ya visa vyenye mafunzo mengi kwa wasanidi wa kurasa za malipo.

Kuna aina moja itakayokusumbua: data iliyoachwa wazi bila uthibitisho kwamba mtu mbaya aliichukua. Mwezi Mei 2019 ilifichuliwa kwamba tovuti ya First American Financial, kampuni ya Marekani ya bima ya hati za nyumba, ilikuwa imeacha wazi nyaraka zipatazo milioni 885, na ilitosha kubadilisha tarakimu kwenye anwani ya kiungo kupata waraka wa mtu mwingine. Je, ni tukio? Pendekezo letu: liingie, lakini kwenye safu ya matokeo liandikwe "data wazi", kamwe si "data imeibwa". Maneno hayo mawili yakichanganywa, daftari zima linapoteza heshima.

Tengeneza jedwali

Usianze na mfumo mkubwa. Lahajedwali la kawaida linatosha kwa matukio mia mbili ya kwanza. Ukiweza, lihifadhi kama faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) ndani ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko), kwa sababu kila badiliko litabaki na tarehe yake na jina la aliyelifanya. Safu zinazotosha ni hizi:

- namba (mwaka na mfuatano, mfano 2015-014)
- mwathirika, sekta, nchi
- tarehe ya kiraka (sasisho la kuziba tundu) kutolewa, ya shambulio kuanza, ya kugunduliwa, ya kuzibwa, ya kutangazwa
- usahihi wa tarehe (siku, mwezi au mwaka)
- njia ya kuingia
- udhaifu (namba ya CWE, yaani ya aina ya udhaifu) na CVE (namba ya tundu moja mahususi) kama ipo
- matokeo
- kilichohesabiwa, idadi ya awali, idadi ya mwisho
- aliyegundua (wenyewe, mtu wa nje, mdhibiti, mshambuliaji mwenyewe)
- vyanzo na kiwango cha uhakika
- funzo, kwa sentensi moja
- tarehe ya mapitio yajayo

Andika tarehe kwa mtindo wa 2017-03-07 ili zijipange zenyewe, na kama saa zinajulikana zigeuze ziwe za UTC (saa za pamoja za dunia). Kabla ya kubandika chochote, fanya safu zote za tarehe ziwe maandishi. Excel ina tabia ya kupokea "2015-10" na kuigeuza kuwa tarehe mosi ya mwezi huo, na hutajua tena kama siku ilijulikana au ilibuniwa na programu.

Njia, udhaifu na matokeo ni vitu vitatu

Kosa linalojirudia zaidi ya yote ni kuvimwaga vitu hivi kwenye safu moja iitwayo "aina ya shambulio". Unakuta mstari mmoja umeandikwa "uvujaji wa data", wa pili "SQL", wa tatu "nenosiri". Hivyo havilinganishiki. Uvujaji ni matokeo. SQL ni udhaifu. Nenosiri lililoibwa ni njia. Vikikaa pamoja, huwezi kuuliza swali lenye maana, kama vile: kati ya waliopoteza data za kadi, ni wangapi waliingiliwa kupitia msimbo wa mtu wa nje?

Kwa udhaifu tumia namba za CWE. Huhitaji kuzijua zote. Hizi zitabeba sehemu kubwa ya kazi:

- CWE-89: kuchomeka amri za SQL
- CWE-79: XSS, yaani msimbo wa mshambuliaji kukimbia kwenye kivinjari cha mtu mwingine
- CWE-639: kubadilisha namba ya rekodi na kupata ya jirani
- CWE-306: kazi nyeti isiyodai mtu ajitambulishe kwanza
- CWE-918: SSRF, seva kudanganywa itume ombi kwa niaba ya mshambuliaji
- CWE-434: kupakia faili ya hatari
- CWE-22: kupanda folda hadi faili zisizoruhusiwa
- CWE-502: kufungua data iliyofungashwa kutoka chanzo kisichoaminika
- CWE-352: CSRF, kivinjari cha mtumiaji kudanganywa kitume ombi asilolikusudia

Kuna wanaopenda kutumia orodha ya OWASP (jumuiya ya usalama wa programu za wavuti) ya hatari kumi badala ya CWE, kwa kuwa inafahamika zaidi. Inafaa kwa mafunzo, haifai kwa kumbukumbu. Mwaka 2017 uchomekaji ulikuwa A1 na XSS ilikuwa na nafasi yake, A7. Mwaka 2021 uchomekaji ukashuka hadi A03, XSS ikamezwa humo humo, na kasoro za udhibiti wa ruhusa zikapanda kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza. Mtu atakayesoma "A7" kwenye daftari lako baada ya miaka minane hatajua ulimaanisha nini. CWE-79 itabaki CWE-79.

Pale ambapo udhaifu haukutajwa, andika "haijulikani". Usikisie. Tena, weka tofauti kati ya "haijulikani" (tumetafuta, hakuna aliyesema) na "haijatafutwa" (bado hatujafika hapo). Ukiacha kisanduku kitupu, mwenzako hatajua ni lipi kati ya hayo.

Tarehe tano, na kwa nini usiridhike na moja

Vyombo vya habari hutoa tarehe moja: ya tangazo. Kwa kuelimisha watu, tarehe hiyo ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Tazama Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, mwaka 2017. Tundu la Apache Struts (programu ya kujengea huduma za wavuti), CVE-2017-5638, lilipewa kiraka tarehe 7 Machi. Tarehe 10 Machi, siku tatu tu baadaye, kuna watu walikuwa tayari wamepita wakibisha hodi kwenye seva za kampuni hiyo kuona kama ziko wazi. Wizi wenyewe ulianza 13 Mei. Uligunduliwa 29 Julai. Umma uliambiwa 7 Septemba.

Sasa toa tarehe moja kwa nyingine. Kutoka kiraka hadi wizi: siku 67. Kutoka wizi hadi kugunduliwa: siku 77. Kutoka kugunduliwa hadi kutangazwa: siku 40. Hizo ni hadithi tatu tofauti kwa wasikilizaji watatu. Siku 67 ni za timu inayosimamia masasisho. Siku 77 ni za timu ya ufuatiliaji. Siku 40 ni za uongozi na wanasheria. Ukiwa na tarehe ya Septemba peke yake huna cha kumwambia yeyote kati yao.

Kisa hicho hicho kinaonyesha pia kwa nini safu ya "aliyegundua" inalipa. Kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyosimbwa kilikuwepo, ila cheti chake kilikuwa kimekwisha muda, kwa hiyo kilikuwa kinayapitisha bila kuyatazama. Cheti kilipofanywa upya ndipo mienendo ya ajabu ikaonekana. Linganisha na benki ya Capital One ya Marekani mwaka 2019: taarifa ilitoka kwa mtu wa nje aliyewaandikia baruapepe. Baada ya matukio hamsini, hesabu ni wangapi walijigundua wenyewe na wangapi waliambiwa. Bila kuongeza neno, safu hiyo itafungua mjadala kwenye kikao chochote cha bajeti ya ufuatiliaji.

Idadi: hesabu ya nini?

Usiandike "milioni 4" bila kusema milioni nne za nini. Akaunti, watu, rekodi, kadi na anwani za baruapepe si kitu kimoja. Mtu mmoja anaweza kuwa na kadi mbili na akaunti tatu.

Mfano unaofundisha vizuri ni 23andMe, kampuni ya vipimo vya DNA, 2023. Washambuliaji walitumia majina na maneno ya siri yaliyokuwa yameibwa kwingine, wakafungua akaunti zipatazo 14,000 ambazo wenyewe walikuwa wakirudia nenosiri lile lile. Lakini kupitia kipengele cha kutafuta ndugu wa damu, akaunti hizo chache ziliwafikisha kwenye taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Idadi zote mbili ni sahihi. Ukiandika ya kwanza tu, tukio linaonekana dogo na lawama inaangukia watumiaji; ukiandika ya pili tu, inaonekana kana kwamba hifadhidata nzima ilivunjwa. Andika zote, kila moja na kitu inachohesabu, na ghafla swali la usanifu linajitokeza lenyewe: kwa nini akaunti moja iweze kuona mamia ya wengine?

Idadi ya awali nayo isifutwe. Equifax ilianza na watu milioni 143, ikaishia karibu milioni 148. Mara nyingine hushuka, na kwa kishindo, kama utakavyoona hapa chini.

Vyanzo na uzito wake

Panga vyanzo kwa ngazi nne na uandike herufi kwenye kila tukio.

A: ripoti ya mdhibiti, hukumu ya mahakama, ripoti ya bunge, au uchunguzi wa kina uliochapishwa na mwathirika mwenyewe. Hapa ndipo utapata jinsi shambulio lilivyofanyika.
B: tangazo rasmi la mwathirika, barua kwa wateja, taarifa kwa soko la hisa.
C: uchambuzi wa watafiti au mwandishi aliyeona ushahidi.
D: madai ya mshambuliaji au habari isiyo na chanzo.

Tukio la ngazi D likae kwenye jedwali la kusubiri, si kwenye daftari. Makundi ya wahalifu hutangaza wathirika kwa ajili ya kuwatisha walipe, na mara nyingine huuza data kuukuu kama mpya.

Sheria za taarifa zimerahisisha kazi hii kuliko zamani. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inamtaka mwathirika amjulishe mdhibiti ndani ya saa 72 baada ya kufahamu uvunjaji. Kwa kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani, tangu Desemba 2023 fomu 8-K, kipengele 1.05, hujazwa ndani ya siku nne za kazi baada ya kampuni kuamua kwamba tukio ni zito; fomu hizo ziko wazi na zinatafutika. Kwa upande wa tundu lenyewe, orodha ya KEV ya CISA (shirika la Marekani la usalama wa mtandao), iliyoanzishwa Novemba 2021, inataja CVE ambazo imethibitika zimetumiwa na washambuliaji, pamoja na tarehe kila moja ilipoongezwa. Ni njia ya haraka ya kutenganisha tundu la nadharia na tundu linalouma.

Ogopa mwangwi. Habari kumi zinazomnukuu mtu mmoja ni chanzo kimoja. Fuata viungo nyuma hadi ufike kwa aliyesema wa kwanza, na uandike huyo peke yake.

Kila chanzo kihifadhi siku hiyo hiyo: nakala ya PDF, nakala kwenye Wayback Machine (hifadhi ya kurasa za wavuti), na alama ya SHA-256 (alama inayobadilika faili ikiguswa) ya faili ya PDF kwenye jedwali. Matangazo ya kampuni huhaririwa kimyakimya na barua za wateja hutoweka. Na hapa pana mstari usiovukwa: usipakue data iliyoibwa, hata kwa "kuthibitisha tu". Ndani yake kuna taarifa za watu wasio na hatia, katika nchi nyingi kuwa nazo kunaweza kukuletea kesi, na faili zenyewe mara nyingi huwa na virusi. Kama unataka kujua ni aina gani ya data iliyovuja, huduma ya Have I Been Pwned huorodhesha aina hizo kwa kila uvujaji bila kukuonyesha data yenyewe.

Tukio moja lililojazwa

Hivi ndivyo mstari mmoja unavyosomeka ukikamilika.

Namba: 2015-014
Mwathirika: TalkTalk, mawasiliano, Uingereza
Kiraka cha hifadhidata: 2012 (usahihi: mwaka)
Shambulio: 2015-10-15 hadi 2015-10-21
Kutangazwa: 2015-10-22
Njia: kurasa za wavuti zilizo wazi kwa umma, zilizorithiwa kwa ununuzi wa kampuni ya Tiscali mwaka 2009
Udhaifu: CWE-89
Matokeo: taarifa binafsi zimechukuliwa
Idadi ya awali: huenda wateja wote, takriban milioni 4
Idadi ya mwisho: wateja 156,959, kati yao 15,656 pamoja na namba za akaunti za benki
Adhabu: pauni 400,000, Oktoba 2016
Uhakika: A (ripoti ya mdhibiti)
Funzo: kurasa zilizokuja na kampuni iliyonunuliwa hazikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na mashambulizi mawili ya awali kwenye tundu lile lile, Julai na Septemba 2015, hayakushtua mtu.

Angalia sehemu tatu. Idadi ilishuka kutoka milioni nne hadi chini ya laki mbili, na aliyefunga daftari wiki ya kwanza bado anasambaza namba ya woga. Undani wa kiufundi ulikuja mwaka mzima baadaye, kwenye ripoti ya mdhibiti. Na funzo halisemi "zuia uchomekaji wa SQL", kwa sababu hilo kila mtu analijua. Linasema kitu ambacho msomaji anaweza kwenda kukikagua kesho: orodha ya kurasa, na arifa zilizopuuzwa. Funzo ambalo lingeweza kubandikwa kwenye tukio lolote lile bado halijaandikwa; rudi ulifanyie kazi.

Tukio la ngazi A lenye ripoti ndefu huchukua saa moja hadi mbili. La ngazi B, dakika ishirini. Afadhali matano yaliyokamilika kwa mwezi kuliko arobaini yenye "haijatafutwa" kila mahali.

Kurudi nyuma

Weka mapitio matatu kwa kila tukio: baada ya siku 30, miezi 6 na miezi 18. Mapitio ya kwanza ni ya idadi, ya pili ni ya maelezo ya kiufundi, ya tatu ni ya adhabu na kesi. Faini nazo hubadilika: British Airways iliambiwa Julai 2019 kwamba ilikusudiwa kutozwa zaidi ya pauni milioni 183, na Oktoba 2020 ikatozwa milioni 20. Ukisahihisha, usifute ya zamani. Iache, weka tarehe ya badiliko na sababu kwa maneno matano.

Pale takwimu zinapodanganya

Ukifika matukio mia, utashawishika kuchora duara la asilimia. Subiri kidogo.

Daftari hili halihesabu mashambulizi yaliyotokea. Linahesabu yaliyojulikana, yakatangazwa, na wewe ukayaona kwa lugha unazosoma. Ukurasa uliochafuliwa huonekana na kila mtu. Wizi wa kimyakimya wa rekodi unaweza usijulikane milele. Sheria mpya ya taarifa inapoanza, matukio huongezeka kwenye jedwali bila hata shambulio moja kuongezeka duniani. Kwa hiyo andika "kati ya matukio 112 tuliyorekodi, 31 yalianza kwa nenosiri lililoibwa", na usiandike kamwe "asilimia 28 ya mashambulizi". Taja pia ni mangapi yenye udhaifu usiojulikana. Mara nyingi ndilo kundi kubwa kuliko yote, na kulificha ni kudanganya.

Mtego wa pili ni tundu moja lenye wathirika wengi. Mwishoni mwa Mei 2023, kundi la wahalifu la Cl0p lilitumia tundu la SQL kwenye MOVEit Transfer (programu ya kutumiana faili), CVE-2023-34362, kuchota faili za mashirika mengi kwa pamoja. Kila shirika likiwa mstari wake, mwaka 2023 utaonekana kama mwaka wa kufufuka kwa uchomekaji wa SQL, wakati kilichotokea ni kosa moja kwenye bidhaa moja. Tengeneza tukio mama, kisha wathirika wawe watoto wake kwa safu ya "mama". Ukihesabu udhaifu, hesabu mama. Ukihesabu walioumia, hesabu watoto.

Kulifikisha kwa watu

Jedwali halisomwi na mtu. Kinachosomwa ni ukurasa mmoja kwa mwezi, wenye tukio moja tu, uliochaguliwa kwa sababu unafanana na kitu mlichonacho. Kama timu iko katikati ya kujenga fomu ya maoni, chukua kisa cha Samy: Oktoba 2005, wasifu mmoja wa mtandao wa kijamii wa MySpace wenye msimbo uliofichwa ulijinakili kwa zaidi ya watumiaji milioni moja ndani ya saa 20, kwa kuutazama tu. Kama wanajenga huduma inayochota picha kutoka kiungo anachotoa mtumiaji, leta Capital One, iliyoingiliwa kwa SSRF.

Ukurasa uwe na sehemu nne: kilichotokea kwa mistari mitano, mfuatano wa tarehe, msimbo mbaya na mzuri sambamba, na swali moja lenye mwenyewe na siku ya kujibiwa. Sehemu ya msimbo isizidi hapa:

Mbaya: `"SELECT * FROM wateja WHERE namba = '" + namba + "'"`

Nzuri: `"SELECT * FROM wateja WHERE namba = ?"`, kisha thamani ipitishwe peke yake kama kigezo.

Kwa mstari wa kwanza, anayeandika `' OR '1'='1` kwenye kisanduku anapewa wateja wote, kwa kuwa alichokiandika kimekuwa sehemu ya amri. Kwa mstari wa pili kinabaki maandishi, na hifadhidata inatafuta mteja mwenye namba ya ajabu hivyo, inamkosa.

Swali la mwisho liwe la kwenda kukagua, si la kutafakari. "Je, tuko salama?" halijibiki. "Ni kurasa zipi zilizo hewani ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili, na nani anazimiliki?" linajibika kwa wiki moja. Fungua tiketi (kazi iliyosajiliwa kwenye mfumo wenu) palepale na uandike namba yake kwenye mstari wa tukio.

Kuhusu lugha: usitaje jina la mfanyakazi aliyekosea, hata kama magazeti yamelitaja, na kwa kesi isiyoamuliwa andika "anadaiwa". Kejeli kwa mwathirika inaharibu zaidi ya inavyochekesha, kwa sababu wa kwanza kunyamaza siku ya tatizo lenu wenyewe atakuwa yule aliyewaona mkicheka. Matukio ya ndani yakiingia, yawe faili tofauti yenye alama ya TLP (rangi zinazoonyesha nani aruhusiwe kusoma): RED kwa waliomo kikaoni tu, AMBER kwa wanaohitaji ndani ya taasisi na wateja wake, GREEN kwa jamii ya wenzenu, CLEAR kwa umma.

Ili kujua kama kazi inafaa, usihesabu waliofungua ukurasa. Hesabu tiketi zilizofunguliwa kutokana na matukio ya daftari, zilizofungwa, na zilizokuta tatizo la kweli. Tiketi isiyofungwa kwa siku 90 irudishwe kwenye ukurasa wa mwezi unaofuata, juu kabisa, kabla ya tukio jipya.